Kofia ya Vito na Mashine ya Ramani

Plota, ile mashine ya kuchorea ramani, ilipoingia nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Barani, Malindi, ilitubidi tutoe kitanda. Si kitanda cha kulala, ni kile cha ukumbini ambacho wageni hukikalia wakija kutoa pole au hongera, lakini shangazi alinuna kana kwamba nimemtoa mgeni mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono kaificha ndani ya leso aliyojitanda, akaitazama mashine kutoka mguu mmoja hadi wa pili. "Baba," akasema, "hii ni ya kufumia nini?" Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la babake.

Nikamwambia haifumi, inachora. Akasema, "Aka, kuchora kote huko ni kuchora nini?" Kisha akarudi jikoni.

Kazi yangu ni ramani. Wapimaji huniletea vipimo vya mashamba ya Adu na vya viwanja vya Gongoni, huko kwenye mabwawa ya chumvi, nami huviingiza kwenye kompyuta vikatoka michoro yenye mipaka na namba. Ofisi ninayofanyia kazi ilipoleta mashine mpya, plota ya zamani ilitupwa veranda ya nyuma, ikawa inaanikiwa matambara. Nilipoiomba, mkubwa wangu alicheka. Aliniambia niichukue upesi kabla hajaitwa mtu wa vyuma chakavu.

Ni mashine ndefu, imesimama kwa miguu miwili yenye magurudumu. Juu yake kuna reli, na kwenye reli kuna kichwa kidogo kinachoshika kalamu, kalamu kweli yenye ncha na wino. Karatasi pana kama shuka hupita chini ya kalamu, ikienda mbele na kurudi nyuma, na kalamu huenda kushoto na kulia, ikainuka, ikashuka. Mashine za siku hizi hunyunyiza wino tu. Hii huandika, na mimi nimeipenda tangu siku ya kwanza niliyoingia ofisini. Lakini sikuileta Barani kwa ajili ya ramani.

Shangazi yangu ni mchoraji wa kofia. Watu wengi hudhani kofia ya vito huanza kwa sindano. Huanza kwa mchoro. Mchoraji huchukua bafta nyeupe, ukanda mrefu wa kuzunguka kichwa na duara la utosini, akachora juu yake maua yote kwa kalamu ya mwanzi iliyochovywa kwenye buluu ya kufulia. Kitambaa kikitoka hapo huenda kwa washonaji. Wao hufuata ile mistari kwa uzi, kitundu baada ya kitundu, na vitundu hivyo ndivyo vito. Kazi hiyo huchukua miezi. Kofia ikiisha hufuliwa, buluu yote ikatoka, ukabaki uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Shangazi amechora karibu miaka hamsini, na kila alichokichora kimekwenda na maji ya beseni.

Sasa, kwetu sisi kofia ya bwana harusi huchorwa na mama yake. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Baba alikuwa mtu wa safari, na shangazi, dadake, hakujaaliwa kuzaa. Akanichukua, na tangu hapo sijajua nyumba nyingine. Nilipofika miaka ishirini alianza kuniambia, "Kofia yako ninayo hapa," akijigonga kwenye paji la uso. "Wewe lete mtu tu." Nilichelewa kuleta mtu. Nilichelewa hata majirani wakaacha kuuliza, na mimi ni mwepesi wa hasira, kwa hiyo kuacha kwao kulikuwa salama kwetu sote. Nilipomleta mchumba, mwalimu wa shule ya msingi kule Gongoni, nilikuwa na miaka arobaini na moja. Shangazi alisujudu palepale ukumbini.

Harusi ikapangwa iwe baada ya mfungo. Mshonaji mkuu, mwanamke asiye na mchezo, alituma maneno kwamba kitambaa kimfikie kabla ya Rajabu kwisha, wanawake wake wagawane kazi waimalize ndani ya Shaabani. Kikichelewa, wanawake wake wataingia Ramadhani na kazi mkononi, na hilo hakubali.

Nilikuwa sijui lolote mpaka nilipoanza kuona kitambaa kwenye kamba ya nguo.

Kilikuwa ukanda mmoja wa bafta. Nilikiona Jumatatu, kimefuliwa, kinapigwa na upepo. Nikakiona Jumanne. Jumatano tena. Nilidhani shangazi ana kofia za watu, lakini Alhamisi nilitambua doa dogo la kutu pembeni, nikajua ni kilekile. Kila siku nikiwa kazini alikuwa anakichora, anakitazama, anakifua. Kilikuwa kimeanza kuwa chepesi kwa kufuliwa.

Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka tangu mwaka uliopita. Daktari alisema ni mambo ya umri, akampa vidonge, vikasaidia kidogo kisha vikaacha. Nilijua hayo. Nilichokuwa sijui ni kwamba ameshindwa na mstari. Siku ya posa, wazee wa Gongoni walipokuja, alikataa kahawa. Alikaa na mikono ndani ya leso, kikombe alichomiminiwa kinapoa mbele yake. Watu wakaondoka wakiamini hakupendezwa. Mchumba wangu aliniuliza kwa simu, sauti imemshuka, "Shangazi hanitaki?" Nilimkasirikia shangazi wiki nzima. Kumbe alichokuwa anakiogopa ni kikombe kulialia kwenye kisahani mbele ya wakwe.

Nilimuuliza kuhusu kitambaa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Nenda dukani kanunue," akasema. "Ziko za mashine, nzuri, vijana wote wanazivaa."

"Sitaki ya dukani."

"Basi oa kichwa wazi."

"Shangazi, na wewe harusini?"

"Harusi nitaisikia kutoka hapa. Mama wa bwana harusi asiyemchorea mwanawe kofia akae mbele ya watu afanye nini?"

Nilitoka nje nikakaa barazani. Nilimlilia, sisemi uongo. Nililia kama mtoto, mtu mzima mwenye ndevu, na muuza maziwa akapita akajifanya hanioni.

Wazo la plota lilinijia kazini, na halikuwa wazo la akili nyingi. Nilipita veranda ya nyuma nikaiona ile kalamu ya mwisho iliyokuwa bado imeshikwa na kichwa chake, nikasema: huu hapa mkono usiotetemeka. Nilimweleza shangazi jioni ile. Mchoro uko kichwani mwake, nikasema, na kalamu iko kwenye mashine, kazi yangu ni kuvikutanisha tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hulifanya kwa nadra.

"Sawa," akasema. "Lakini nikiutazama nikaona si mchoro wangu, wewe utakwenda dukani na mimi sitatoka humu ndani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nilisema hivyo upesi, maana nilidhani kuunganisha kompyuta na plota ni kazi ya asubuhi moja.

Plota ile ina tundu la zamani, pana, lenye pini ishirini na tano. Kompyuta yangu ya mkononi ina vitundu bapa vya siku hizi tu. Nilitafuta kiunganishi Malindi mjini duka kwa duka, nikakipata kwa fundi wa simu karibu na soko, na yeye akanichomea waya wa kutoka kwenye kiunganishi hadi kwenye lile tundu pana. Nyuma ya plota kuna swichi ndogo ndogo zimejipanga kama meno ya mtoto. Hizo ndizo huiambia mashine isikilize kwa kasi gani. Nikaziweka, nikaipa kompyuta kasi hiyohiyo, nikatuma ramani ya shamba moja la Adu kama jaribio.

Kimya. Si taa, si mlio.

Nilirudi kwa fundi. Akaupima waya, akacheka. "Umeunganisha mdomo na mdomo," akasema. "Wote wawili wanasema, hakuna anayesikia." Nikamwambia aliyeunganisha ni yeye. Akasema hilo pia ni kweli. Akazipindua nyaya mbili, ile ya kusemea ya huyu ikaingia kwenye ile ya kusikilizia ya yule, nikarudi Barani mbio.

Sasa plota ikaamka. Kalamu ikashuka, ikachora mpaka wa kwanza wa shamba, wa pili, wa tatu, safi kabisa. Nikamwita shangazi aje kuona. Akaja, akasimama na mwiko wake, na wakati huohuo kalamu ikapotewa na akili. Ilirukia pembeni, ikapiga mstari mrefu kukatiza shamba zima, ikarudi, ikaandika namba juu ya namba, ikakwama pembeni ikitetemeka. Karatasi ikachanika.

"Inatetemeka na yenyewe," shangazi akasema, akarudi jikoni.

Nilijaribu tena na tena, siku tatu. Kila mara ilianza vizuri, na kila mara ilipotea. Nikabadili kasi, nikabadili swichi, nikabadili ramani. Siku ya tatu niliipiga ile meza kwa kiganja hata kikombe kikaanguka, nikaitukana mashine kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Shangazi akatokea.

"Astaghfirullah. Hayo maneno umeyasoma kwangu?"

"Haisikii, shangazi! Naiambia yote, sawasawa, yenyewe inafanya upuuzi."

Shangazi alifundisha chuo cha Kurani barazani kwake kwa miaka mingi, watoto wa mtaa mzima, hata mimi. Akavuta kigoda akakaa. "Rudia nione," akasema. Nikarudia. Akaangalia kalamu ilivyoanza, ilivyokwenda, ilivyopotea.

"Mwanzo inapata?"

"Inapata."

"Halafu ndio inachanganya."

"Ndiyo."

"Basi ina kosa gani? Mtoto ukimsomea aya kumi kwa mara moja atakupa mbili za mwanzo, zilizobaki atakutungia. Wewe unaisomea tu, huingoji. Yenyewe ina namna ya kukuambia ngoja?"

Mashine ilikuwa na namna. Plota zile za zamani zina kumbukumbu ndogo mno. Ikijaa, huiambia kompyuta isimame kwanza, plota ichore ilichonacho, kisha huiita iendelee. Kuna waya maalumu wa kusema hivyo. Fundi alikuwa amechomea nyaya tatu tu, na ule wa kusema ngoja hakuuweka kabisa, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo kompyuta yangu ilikuwa inamwaga maneno mfululizo, na mashine ya watu, iliyojaa hadi kooni, ilikuwa inayadaka machache na mengine yanaanguka.

Kesho yake fundi aliongeza waya wa nne. Ramani ya Adu ikatoka nzima, na kila baada ya muda kompyuta ilitulia, ikangoja, ikaendelea. Nilimbusu shangazi mkono. Akaurudisha ndani ya leso mara moja.

Hapo Rajabu ilikuwa imeshaingia, na mchoro bado uko kichwani mwake.

Plota ina vibonye mbele, vinne vya mishale vya kusogeza kalamu bila kompyuta, kimoja cha kuinua na kushusha, na kimoja ambacho ukikibonyeza mashine huiambia kompyuta: kalamu ipo hapa. Nilibandika karatasi ya miraba yenye ukubwa wa ukanda wa kofia, nikatoa kalamu isije ikachafua, nikamwekea shangazi kigoda na mto. Atasogeza kichwa cha mashine hadi mahali anapotaka, atabonyeza, kompyuta itaiweka ile nukta. Mimi baadaye nitaziunganisha nukta ziwe petali na majani.

Aliutoa mkono kwenye leso. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona vizuri baada ya miezi. Ulikuwa ukitetemeka kuanzia kwenye kiwiko. Kidole kikagusa mshale, kichwa cha mashine kikasogea hatua moja. Kidole kikatetemeka, kikagusa tena, kikasogea nyingine. Akakirudisha kwa mshale wa upande wa pili. Kichwa cha mashine kilikuwa kimetulia tuli. Hakikujali mkono unafanya nini, kilihesabu hatua tu.

"Hiki hakitetemeki," akasema.

"Hakitetemeki, shangazi."

Akabonyeza nukta ya kwanza. Akaibonyeza mara mbili, mkono ulivyokuwa, lakini nilikuwa nimeshaiandikia programu yangu ipuuze nukta inayokuja mara mbili mahali pamoja. Sikumwambia. Yapo mambo si lazima kuambiana.

Shida ilikuwa kwingine. Shangazi huchora akihesabu tasbihi. Ukanda wa kofia ya harusi una maua thelathini na matatu, na kila ua lina dhikiri yake. Hapimi kwa rula. Anavuta punje kwa mkono wa kushoto, anasema neno lake kimoyomoyo, anachora, na maua hujipanga kichwani hadi la mwisho likutane na la kwanza. Kati ya ua na ua hukaa. Nilikuwa nimeiandikia kompyuta kwamba ikikaa nusu dakika bila kupata nukta ifunge kazi, kama tufanyavyo ofisini, maana mpimaji asiyejibu kwa nusu dakika ameshakwenda kula. Basi shangazi alimaliza ua la pili, akafumba macho, akavuta punje, na kompyuta ikafunga. Maua yote mawili yakapotea.

Nilimwomba radhi. Akaanza upya. Ikafunga tena kwenye la nne, alipokuwa anapiga chafya. Nikatoa ile amri yote kwenye programu. Kuanzia hapo kompyuta ilimngoja. Alikwenda kuswali alasiri ikamngoja. Alikwenda kupindua mkate wa sinia ikamngoja.

Nilimwambia siku ya pili, kwa nia njema, "Shangazi, ukinipa ua moja tu, kompyuta italirudia mara thelathini na tatu, sawasawa, hapo hapo."

Alinitazama kama nimemwambia aswali rakaa moja na nyingine zijirudie zenyewe.

"Kila moja na dhikiri yake," akasema, na nikakoma.

Alikuwa akiweka maua matatu kwa siku, siku nzuri manne, baada ya alasiri, jua likiwa limetoka dirishani. Mimi nilikaa nyuma yake na kompyuta mapajani, nikiziona nukta zikitokea moja moja. Nilikatazwa kusema. Kwa mtu wa hasira kama mimi, kukaa kimya alasiri nzima ni kazi, lakini niliizoea hata nikawa naingoja tangu asubuhi. Jumamosi moja mchumba wangu alikuja, akapiga magoti, "Shikamoo shangazi," na shangazi, aliyekuwa amezama kwenye ua la ishirini na moja, akamnyooshea mkono uleule wa kulia bila kufikiri. Msichana wa watu akaupokea kwa viganja vyake viwili, ukitetemeka, akaubusu, akauachia urudi kwenye vibonye. Mimi niliinama kwenye kompyuta, maana macho yalikuwa yameniloa.

Ua la thelathini na tatu liliingia zikiwa zimebaki siku tatu Rajabu kwisha. Duara la utosini tulikuwa tumelimaliza kabla. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu: kuunganisha nukta, kuutoa mchoro kwenye karatasi kwanza ili ahukumu, na akikubali, kupitisha bafta iliyotiwa wanga ikakauka kama kadi, na kalamu iliyojazwa buluu ya kufulia. Akikataa, tutakuwa tumekwisha. Hakuna siku za kuanza upya, na nilimjua, hakuwa mtu wa kurudisha neno lake. Usiku ule sikupata usingizi mwema, na kazini nilimjibu mkubwa wangu vibaya.

Sasa, kofia zetu hupimwa kwa inchi. Kichwa changu ni inchi ishirini na mbili na nusu. Niligeuza nukta zote ziwe inchi, kwa heshima ya kofia, nikazipitisha kwenye programu ya ofisi ya kuchorea ramani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaelewana na plota. Programu hiyo haijui inchi. Haijawahi kuona kichwa cha mtu. Inajua ardhi, na ardhi kwake ni mita. Nikaiachia ipunguze mara kumi, kama nilivyozoea kwa viwanja vidogo, nikabonyeza.

Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake. Alikuwa ameoga na kuvaa leso mpya. Alikuja kama anayekwenda kusomewa hukumu.

Kalamu ikashuka. Ikachora petali moja, na petali ile ilikuwa kubwa kuliko ua zima la kofia.

Nilijua palepale nilichokifanya. Mita mbili na robo badala ya inchi ishirini na mbili na nusu. Kofia ya kulitosha tangi la maji. Nikairukia swichi huku nikijilaani, nikisema punguani mimi, mjinga mimi, na siku zenyewe ndizo hizi.

"Iache," shangazi akasema.

"Nimekosea kipimo, shangazi, si hivi, nitakuonyesha..."

"Iache imalize."

Nikaurudisha mkono. Plota ikaendelea. Ilimaliza ua la kwanza, la upana wa mdomo wa kikombe, ikavuta karatasi, ikaanza la pili. Karatasi ikaanza kushuka kwa mbele, ikagusa sakafu, ikatambaa juu ya mkeka. Shangazi alikuwa ameitoa tasbihi. Kila ua likikamilika alivuta punje. Ikafika ishirini, karatasi imefika miguuni pake. Mara kwa mara kompyuta ilitulia, mashine ikachora ilichonacho, ikaita tena. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu, kalamu ilipoinuka kwenye la thelathini na tatu, ikarudi pembeni kwake, ikatulia.

Nilikata karatasi, nikaitandaza ukumbini kuanzia mbele ya mashine na kuingia kidogo ukumbi wa ndani. Shangazi akainuka, akaanza kutembea kando yake, taratibu, ameinama. Leso ilimtelezea begani asiirudishe. Akapiga magoti. Akaweka kidole juu ya ua la kwanza, kidole kinatetemeka, akafuata mstari. Kidole kiliyumba huku na huku, na mstari ukabaki pale pale chini yake.

"Hili nilikuwa na njaa," akasema.

Akasogea. "Hili siku ile ya mvua. Hili nilikuwa nimemkumbuka mama yako." Akasogea tena, akacheka peke yake. "Hili nimelifinya. Mchoyo kweli mimi."

Nilikuwa nimesimama na mkasi mkononi, sijui kama nimehukumiwa au la. Nikamuuliza, "Ni wako, shangazi?"

Maisha yake yote alikuwa ameviona vitu hivi kwa umbali wa pua na mapaja, ua moja moja, na kabla hajapata kuuona ukanda mzima ulikuwa umeshakwenda kwa washonaji, ukashonwa, ukafuliwa. Alikwenda kwa magoti mpaka mwisho wa karatasi, kisha akageuka akautazama wote kutokea huko, kutoka ua la mwisho hadi la kwanza, na nikaona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Kumbe ndivyo ninavyochora," akasema.

Nilipiga magoti karibu yake. Nilimshika ule mkono, naye hakuuficha. Tulilia pamoja, na adhana ikaanza, na hatukuinuka. Baadaye akajifuta uso kwa pindo la leso, akanitazama kichwani, juu, pembeni, kama mtu anayepima kwa jicho.

"Haya, baba," akasema. "Sasa ipunguze ikutoshe."